Mgeni wa Mgeni: Nasaha za Utumishi wa Kanisa kwa Familia za Wahamiaji

Mtumishi wa kanisa anayetoka Musoma, Bunda au Butiama kwenda kuzitumikia familia za wahamiaji nje ya nchi huwa mgeni mara mbili. Ni mgeni wa nchi aliyoingia, na ni mgeni wa mtu ambaye naye ni mgeni katika nchi hiyo. Baba wa nyumba anayoipigia hodi aliacha shamba lake Kivu, mashariki mwa Kongo, au Burundi. Mama anapikia sufuria aliyoipata kwenye mgao. Kiwanja walichojengea si mali yao. Mgeni wa kawaida hupokewa na mwenyeji mwenye ghala. Mgeni wa mgeni hupokewa na mtu asiye na hakika ya chakula cha kesho, na hata hivyo mtu huyo hutaka kupokea vizuri, kwa kuwa ukarimu ni sehemu ya heshima yake ambayo vita havikuweza kuichukua. Adabu karibu zote za kazi hii zinatokana na hali hiyo.

Kwa makanisa ya mkoa wa Mara, iliko miji hiyo, uwanja ulio karibu wa utumishi huu uko Uganda, nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Basi linaloondoka stendi ya Bweri hupita Bunda kwenda Mwanza. Kutoka hapo safari huendelea Geita na Bukoba hadi mpakani Mutukula, kisha Masaka na Mbarara. Kusini mwa Mbarara, wilayani Isingiro, yapo makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupokea kwanza Wanyarwanda. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na Kiswahili ni lugha inayowakutanisha wengi wao sokoni na kanisani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na familia hugawiwa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Ni utaratibu wa utu, na Waganda wanastahili shukrani kwa huo. Ila vipande vya ardhi vimezidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na tangu mwaka 2023 familia hupangwa katika makundi ya uhitaji kabla ya kupewa mgao wa chakula, hivyo nyingi zimepunguziwa na nyingine kuondolewa kabisa. Mtumishi anayefika akidhani kila mtu pale analishwa na Umoja wa Mataifa atasema maneno yatakayowaumiza waliompokea.

Nyanja nyingine zipo. Kaskazini mwa Kenya iko kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Na jijini Nairobi, katika mitaa kama Eastleigh, familia za wakimbizi hulipia chumba kwa vibarua vya siku. Muscat, Oman, wapo akina dada wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za ndani chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Huko makanisa yametengewa maeneo yake, Ruwi na Ghala, na kuhubiri mitaani ni marufuku. Mtumishi wa huko hana budi kuishika sheria hiyo bila ujanja wowote, maana atakayepoteza kazi kwa ujanja wake ni dada aliyemkaribisha.

Anayejiuliza mgeni wa namna hii aenendeje hahitaji kutafuta mfano mbali na nyumbani. Mara imepokea wamisionari kwa zaidi ya karne moja, na wazee wake walijua nani alipokewa kwa moyo na nani alivumiliwa tu. Wamennonite kutoka Marekani walianza Shirati mwaka 1934, wakaenea Bukiroba na Mugango. Wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll waliingia Musoma mwaka 1946, na baadaye wakafungua shule ya lugha huko Makoko, ambako wageni walikaa miezi kadhaa wakijifunza Kiswahili kabla ya kukabidhiwa kazi yoyote. Aliyekubali kukaa darasani kama mtoto, akakosea ngeli na kuchekwa, alipofika kijijini watu walikuwa na la kumwambia. Mwaka 1942 Uamsho, vuguvugu la kiroho la kutubu hadharani, ulipoingia Shirati, Wamarekani na Waafrika waliungama pamoja, wageni wakakiri mbele ya wenyeji kiburi walichokuwa nacho, na uhusiano wao ukabadilika. Hata hivyo askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, Zedekia Kisare, ambaye alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo kabisa pale Shirati, aliwekwa wakfu mwaka 1967. Miaka 33 ni mingi kumngoja mtu uliyemkuta nyumbani kwake. Kundi linalotoka Mara leo limebeba historia hiyo yote, ya uzuri na ya kuchelewa, na litafanya vyema kuizungumza kwa uwazi kabla ya kupanda basi.

Butiama nayo ina neno lake katika jambo hili. Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania na mzaliwa wa Butiama, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Oktoba 1970, aliwataka watu wa kanisa wasiishie kuwahurumia maskini. Alitaka wasimame nao dhidi ya mambo yanayowafanya wawe maskini. Katika utawala wake Tanzania iliwapokea wakimbizi wa Rwanda na Burundi kwa maelfu na kuwapa ardhi ya kulima, na mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimtunuku nishani ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi. Kwa hiyo mtu wa Butiama anapoingia Nakivale, jina la kwao limetangulia. Wazee wa Kirundi na wa Kikongo humkumbuka Mwalimu, na huenda wakamtarajia mgeni awe na sehemu ya utu ule.

Maandalizi huanza na idadi. Kundi dogo la watu sita au wanane hufaa kuliko basi zima la kwaya, kwa sababu kila mgeni anahitaji mahali pa kulala, maji ya kuoga na sahani. Ndani yake wawemo akina mama watu wazima, maana mambo mengi ya familia za wahamiaji husemwa na mwanamke kwa mwanamke, jikoni, wakati wa kuchambua mboga. Muuguzi, mwalimu wa chekechea, fundi cherehani na mtu anayejua kutibu kuku wana kazi ya kufanya siku ya kwanza. Mhubiri peke yake hana. Vijana waende, lakini kila kijana awe na mzee anayemsimamia.

Fedha za safari hutoka kwa waumini ambao nao hawana nyingi. Mtu ameleta kuku kwenye mnada wa kanisani Nyasho, mwingine mkungu wa ndizi, mjane ametoa elfu mbili ndani ya bahasha. Fedha hizo zina jasho, na mhazini aseme mapema zitakwenda wapi. Fulana mpya zenye maandishi ya safari, au vitenge vya sare vilivyoshonwa kwa ajili ya picha, hula sehemu ya sadaka ambayo ingenunua mbegu. Tena sare ina ubaya mwingine: inawafanya wageni waonekane kama msafara wa viongozi, na watoto huanza kuwafuata nyuma wakitarajia kugawiwa kitu.

Nyaraka zisifanyiwe mchezo. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Makazi ya wakimbizi Uganda husimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na kundi la nje huomba ruhusa huko mapema, kisha likifika hujitambulisha kwa mkuu wa makazi kabla ya kumtembelea mtu yeyote. Wapo wanaoshawishika kupita njia ya panya kwa kuwa mchungaji wa pale amewaambia hakuna shida. Mchungaji huyo anawaheshimu mno hata hawezi kuwakatalia. Wao wataondoka Jumamosi. Yeye atabaki kuulizwa aliwaingiza akina nani.

Baada ya ofisi, wapo wenyeji wa nchi. Familia za Isingiro zimegawana na wakimbizi visima, kuni na malisho kwa miaka mingi, na mara nyingi huona magari ya misaada yakiwapita. Kuwasalimu kwa lugha yao, hata neno moja la Kinyankole, agandi, na kununua ndizi na maharage kwao, ni adabu ndogo inayowasaidia wakimbizi wenyewe baada ya wageni kuondoka. Kundi likichangia ukarabati wa kisima, kiwe kisima cha pande zote mbili.

Kiswahili kitamfungulia mtu wa Mara milango mingi, na kwa sababu hiyohiyo kitampoteza asipokuwa mwangalifu. Kiswahili cha Kongo kina sura yake. Asante huwa aksanti, ugali huwa bugali, kisamvu huitwa sombe. Mama wa Kivu huweza kusikika akisema anaongopa, naye anamaanisha ana hofu. Mtanzania asiyejua atadhani mama amekiri uongo. Shikamoo, ambayo kijana wa Musoma hawezi kumpita mzee bila kuitoa, kwa Wakongo wengi si salamu ya kila siku. Wao husema jambo, kwa moyo kabisa. Kuwasahihisha ni utovu wa adabu, na kuwacheka ni vibaya zaidi. Mgeni ajifunze kusema jambo mama, jambo baba, na azoee.

Jambo moja ambalo watu wa Mara hawana budi kulichunga kuliko wengine ni swali la kabila. Mara ina Wakurya, Wajita, Wazanaki, Wajaluo, Waikizu, Wakwaya, Wangoreme na wengine wengi katika eneo dogo, na kuulizana kabila pale ni mwanzo wa utani. Mtu anaulizwa, anajibu, anataniwa kwa chakula chao au kwa ukali wao, kicheko kinapasuka na urafiki umeanza. Nakivale swali hilohilo linaweza kunyamazisha chumba. Kuna watu waliosimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakaulizwa kabila, na jibu ndilo lililoamua nani apite. Kuna majirani wa pale ambao makabila yao yalipigana, sasa wanateka maji kwenye bomba moja na wamejifunza kuishi kwa kutoulizana. Mtumishi asiulize kabila, asikisie kwa sura wala kwa jina, asisifu jeshi lolote wala rais yeyote wa nchi walizotoka. Akiambiwa bila kuuliza, ashukuru kwa kuaminiwa na asilipeleke neno hilo nyumba ya pili.

Jina nalo lina mtego wake. Mtanzania humheshimu mwanamke kwa kumwita mama wa mtoto wake wa kwanza, na swali la kwanza mlangoni huwa, mama nani? Kwa mwanamke aliyekimbia, mtoto wa kwanza huenda ndiye aliyebaki njiani. Ni salama zaidi kusema mama peke yake, au kumuuliza apenda aitweje. Kama ana jibu refu, atalitoa siku nyingine.

Ziara ya nyumbani ndiyo moyo wa utumishi huu. Wageni wawili au watatu wanatosha kwa nyumba moja. Wanane wakiingia, watoto watatolewa nje na majirani watajaa mlangoni. Mama mwenye nyumba akishasikia kwamba wageni wanakuja, hutandika mkeka, hufuta kiti kimoja alicho nacho, kisha humwita binti na kumnong'oneza. Binti hutokea mlango wa nyuma akiwa na kikombe cha plastiki, huenda nyumba ya tatu, na baada ya muda hurudi akikifunika kwa kiganja: amekopa sukari. Chai huja katika vikombe visivyofanana, na mama mwenyewe hanywi. Mgeni aliyeona kile kikombe ana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kunywa chai yote, taratibu, na kuisifu. Kuikataa kwa huruma, au kutoa chupa ya maji ya dukani kutoka begini, ni kumwambia mama kwamba umaskini wake umeonekana. Nabii Eliya, naye akiwa mkimbizi ugenini, alikula unga wa mwisho wa mjane wa Sarepta, na mjane hakudhalilika kwa kuupika. La pili lilipaswa kufanyika jana yake: akina mama wa kanisa la pale wapitishe kilo ya sukari, majani ya chai na unga katika nyumba zitakazotembelewa, bila kusema vimetoka wapi.

Katika nyumba ya Kisomali, au ya Mwislamu yeyote, viatu huvuliwa mlangoni, mwanamume hamnyooshei mkono mwanamke wa nyumba, na salamu ya kanisani haitumiki kama nywila ya kuingilia. Mwezi wa Ramadhani ziara za mchana zisiwe za kula wala kunywa. Familia isiyo ya Kikristo ikipokea msaada, ipokee bila kuimbishwa wala kuombewa kwa lazima. Ikiomba yenyewe kuombewa, sala iwe fupi na ya upole.

Mazungumzo yafuate mwendo wa mwenyeji. Wageni wengi huwa na kiu ya kusikia habari ya kukimbia: ilikuwaje, nani alikufa, mlilala wapi. Kwa anayeuliza ni simulizi. Kwa anayejibu ni usiku mzima bila usingizi. Watu wa Uamsho wamezoea ushuhuda wa wazi mbele ya mkutano, na kwao kuficha ni dalili ya moyo usio safi. Desturi hiyo ina uzuri wake kwa mtu anayekiri dhambi zake, lakini haifai kumlazimisha mtu kutangaza maovu aliyotendewa na wengine. Mwanamke aliyebakwa asisimamishwe kwenye semina kushuhudia, hata kama mume wake amekubali, hata kama mkutano utalia na wengi kuokoka. Akitaka kusema, atasema kwa mama mmoja, faraghani, na mama huyo amwelekeze kwa wahudumu wa afya wa pale wanaojua kazi hiyo.

Kutunza siri si jambo geni Mara. Wapo mabinti waliokimbia ukeketaji wakapokewa katika nyumba salama wilayani Serengeti na Butiama, na waliowapokea wanajua kuwa neno moja kwenye daladala linaweza kumrudisha binti mikononi mwa wanaomtafuta. Familia za wahamiaji nazo huwa na watu wanaowatafuta. Ndiyo maana picha ni jambo zito. Simu ibaki mfukoni siku za mwanzo. Ruhusa ya picha iombwe kwa maneno yanayosema ukweli wote: picha hii itaonekana na watu wa kanisa letu, huenda na wengine tusiowajua. Mtoto asipigwe picha akiwa uchi, akilia au akipokea kitu. Jina la familia na mahali inapoishi visiandikwe kabisa kwenye kundi la WhatsApp la usharika, kwani ujumbe uliotumwa kwa watu 200 hauna tena mwenyewe.

Kutoa kunahitaji busara kuliko kuhubiri. Bunda wanalielewa hili. Katika vijiji kama Kunzugu, vinavyopakana na hifadhi, tembo huingia shambani usiku, na mkulima aliyelala akiwa na mahindi ya kukoboa huamka akiwa na mabua yaliyokanyagwa. Asubuhi hiyo mtu aliyekuwa akiwapa wengine chakula hulazimika kuomba, na namna jirani anavyompa ndiyo inayoamua kama ataweza kumtazama usoni mwaka ujao. Jirani mwenye adabu humwita kuja kusaidia kuvuna, kisha humwachia debe. Boazi alifanya hivyo kwa Ruthu Mmoabi: aliwaagiza wavunaji wake waache masuke kwa makusudi, ili mgeni aokote kwa mkono wake na arudi kwa mama mkwe amebeba kitu alichokifanyia kazi.

Kwa mfano huohuo, jembe, mbegu za mboga zinazofaa udongo wa pale, au mtaji wa kununulia vitambaa kwa mama mwenye cherehani huheshimu zaidi kuliko kifurushi cha chakula, ingawa wapo wazee na wagonjwa ambao kwao chakula ndicho cha kwanza. Vitu vinunuliwe soko la karibu. Ni kweli dagaa wa Ziwa Viktoria hupendwa na Wakongo, waliozoea ndagala za Tanganyika na sambaza za Ziwa Kivu, na kiroba kimoja cha dagaa kutoka Musoma kitapokewa kwa shangwe kama zawadi ya nyumbani kwa nyumbani. Kiwe zawadi ya kula pamoja na wote siku ya ibada. Malori ya misaada waachiwe wenye kazi hiyo. Nguo za mitumba zipelekwe zile tu ambazo mtoaji mwenyewe angezivaa kwenda kanisani.

Majina yasisomwe hadharani wala watu wasipangwe foleni juani mbele ya kamera. Kamati ya kanisa la pale inajua nani hana kitu na nani anajua kulia vizuri. Iandike orodha, na akina mama wafikishe mizigo nyumbani jioni. Mtumishi akiombwa fedha na mtu mmoja mmoja, na ataombwa sana, ajibu kwa ukweli kwamba misaada yote inapita kwenye kamati. Jibu hilo ni gumu kulisema mbele ya mtoto mgonjwa. Kwa mgonjwa wa dharura kundi liwe na akiba ya nauli na dawa, na kiongozi aitoe bila mzunguko.

Ahadi ni eneo la hatari kubwa. Kwa familia iliyokaa miaka kumi ikisubiri, maneno mepesi kama tutaonana mwakani, au nitaongea na watu, hugeuka tegemeo. Wengi wana matumaini ya kuhamishiwa nchi ya tatu, Marekani, Canada au Australia, na matapeli huvuna fedha kwenye matumaini hayo. Mtumishi aseme wazi kwamba hana uwezo wowote juu ya majalada ya maombi yao, asiyabebe wala kuyapiga picha, na awakumbushe watu kwamba huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hazilipiwi.

Juu ya watoto na mabinti, sheria za kundi ziwe ngumu na zisiwe na mwanya. Hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Kijana wa kundi haanzishi uchumba. Na hakuna anayerudi na binti. Hili la mwisho linasemwa kwa sababu nia njema hulileta mara kwa mara: mama wa Musoma anamwona binti wa miaka 14 mwerevu, asiyesoma, anafikiri angeweza kuishi kwake, asaidie kazi za nyumbani huku akisoma. Wazazi nao, kwa shida waliyo nayo, watakubali wakishukuru. Kumvusha binti huyo Mutukula ni kumtoa kwenye hifadhi yake ya kisheria, na kumweka awe msichana wa kazi kunaweza kuangukia chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya Tanzania ya mwaka 2008. Zaidi ya sheria, ni kuitenganisha familia ambayo kukaa pamoja ndio utajiri wake uliobaki. Mama huyo anaweza kulipa sare na madaftari ya binti akiwa hapohapo alipo.

Kanisa la pale liheshimiwe kama kanisa kamili. Makambini wapo wachungaji waliokimbia pamoja na waumini wao, wakazika njiani, wakaanza ibada chini ya mti kabla turubai la kwanza halijafika. Kundi kutoka Mara linaingia chini ya uongozi wao. Halifungui tawi, halibatizi bila wao, halivuti waumini wa dhehebu jingine kwa mahindi. Ratiba ya ibada ni yao, na kwaya ya wageni huimba baada ya kwaya za wenyeji. Mahubiri ya mgeni yawe mafupi. Asiseme mateso yao yametokana na dhambi; asiwahimize kusamehe kana kwamba ni somo jipya, kwani wengine wamekuwa wakijifunza kusamehe kwa machozi kwa miaka ishirini; asidai kumtoa pepo mwanamke ambaye amenyamaza kwa huzuni. Siku moja kati ya zile za ziara iwe ya wachungaji wa pale kuwahubiri wageni. Wengi waliorudi kutoka safari za namna hii huikumbuka siku hiyo kuliko zote.

Jioni kundi likutane, lile pamoja, kila mtu aseme lililomlemea. Anayelia asizuiwe. Kiongozi awe mtu wa kusikia, na kosa la mchana lirekebishwe usiku uleule, kwa kuomba radhi kwa jina kwenye nyumba ilikofanyika. Waliopitia Uamsho wa Mara walijua kwamba mgeni anayeweza kusema nimekosa hupewa kiti cha karibu zaidi na moto.

Kurudi nyumbani nako kuna adabu zake. Taarifa kwa usharika isiwafanye wakimbizi kuwa watu wa kuonewa huruma pekee. Wapo pale mafundi, walimu, wanakwaya, wakulima waliofufua udongo uliochoka. Kipimo cha taarifa ni hiki: iwe inaweza kusomwa mbele ya yule mama aliyekopa sukari, naye asiiname. Picha ambazo hazikuruhusiwa zifutwe kwenye simu zote kabla ya kushuka Bweri. Mhazini aeleze kila shilingi, na fedha iliyobaki ipelekwe kwa kamati ya kanisa la Nakivale kwa barua na stakabadhi. Mtu mmoja mmoja asiitume kwa simu kwa familia aliyoipenda, maana majirani huona. Nakala ya taarifa itumwe kwanza kwa mchungaji wa pale, apewe wiki moja au mbili za kuisoma na wazee wake, na alichokiona si sawa kisahihishwe kabla ya Jumapili ya kuisoma kanisani.